Kabati la Chipsi

Lilikuwa la chipsi, pale Igogo karibu na reli,
hadi mafuta yalipopanda na mimi nikashuka.
Mwaka mzima lilikaa uani, kuku wakilala juu yake.
Nikalisugua kwa majivu, kwa limau, kwa sabuni ya mche,
na bado kioo kilinikumbuka:
kila nikiinama, harufu ya viazi.

Fundi Lubango aliziba pembe kwa silikoni nyeusi.
"Kioo chembamba hiki. Usipitishe hapa,"
akachora mstari kwa chaki, chini kidogo ya nusu.
"Utauza nini humu?"
Maji, nikamwambia.
Akataka malipo taslimu.

Mchanga nimeuchota Luchelele, ndoo mbili,
pale ziwa linapopumulia chini ya mawe.
Kuuosha ni kazi ya mtu asiyedaiwa popote.
Maji ya kwanza yalitoka uji wa ulezi,
ya tano, chai ya maziwa,
ya tisa nikauona mkono wangu
na alama ya karai la moto.

Kisiki kililetwa na gugumaji.
Cha mti gani, hakuna ajuaye;
mawimbi yamekilamba hata hakina ncha ya kumchoma mtu.
Nilidhani kilichotoka majini kinajua kuzama.
Thubutu! Kilielea kama shahidi aliyekataa kusaini.
Nikakichemsha siku tatu, sufuria ile ile ya viazi,
nikakifunga jiwe tumboni kwa uzi wa nyavu,
kikatulia, kikaanza kuvuja rangi,
maji yote yakawa chai kavu isiyo na sukari.
Mama akachungulia: "Umeyachafua."
Sijayachafua, mama. Ndivyo yanavyokaa kivulini.

Konokono aliyejibanza kwenye kisiki nilimrudisha kwao.
Kichocho nilikiugua darasa la nne, kinatosha.

Halafu kusubiri.
Maji mapya hayana utu, humuunguza samaki;
yanataka wiki nne, tano,
yaote utelezi, yajifunze kumeza taka zake yenyewe.
Jirani Nyanzobe, kila asubuhi, kidevu juu ya ukuta:
"Wamejificha?"
Hawajafika.
"Sasa unatazama nini?"
Mchanga, unavyokaa.
Akanipa pole, kama niliyefiwa.

Furu watano, kutoka Kayenze, ndani ya kopo la rangi:
dume mmoja, mgongo wa kutu, ubavu wa bluu ya moto wa gesi,
majike wanne wa rangi ya mchanga wenyewe,
ukipepesa jicho umewapoteza.
Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.
"Hawa tuliwaanika kwa mafungu, tukawatafuna na miiba,
sangara hajaja kutumalizia.
Leo unawajengea nyumba?"
Alikaa pale mpaka adhana ya magharibi.

Umeme ukikatika, pampu hunyamaza, nami naamka.
Nachota kwa kikombe, namimina kutoka juu,
nachota, namimina,
kama anayempozea mtoto chai.
Kilimani zinawaka taa za Bugando peke yake,
na huko pia, nadhani, kuna mtu
anayehesabu pumzi zisizo zake.

Wiki ya saba, jike mmoja akagoma kula.
Taya limevimba. Chembe ya unga inampita puani, haangalii.
"Jino," akasema mama, kisha akanyamaza,
kwa sababu aliwahi kuwapasua wa namna hiyo
na kukuta kinywani kile tulichokikaanga bila kuuliza.

Jumanne alfajiri, nyuma ya kisiki, akaachama.
Wakatoka kama chumvi
kutoka lile kopo langu nililolitoboa kwa msumari,
kidogo, kidogo, halafu wengi.
Nikasogea. Kivuli changu kikagusa mchanga,
na wote, mara moja, wakarudi ndani.

Akafunga kinywa.
Nami, kikombe mkononi,
nikafunga changu.